Diski ya kompyuta ya duka inagonga na mashine inaganda: nitoe faili kwanza au nibadilishe diski kwanza?

Mchapaji wa Langoni

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Langoni, Lamu, na kazi yote ya duka naifanya kwa kipakatalishi kimoja cha mtumba, chenye diski ya GB 500 ya ile aina ya kuzunguka, na ndani yake mna Windows 10. Kwa muda wa wiki mbili hivi mashine imekuwa ikichukua karibu robo saa kuwaka, na nikifungua folda ya picha huganda kabisa mpaka nikate tamaa nikaizima kwa kushikilia kitufe. Juzi usiku, duka nimekwisha kulifunga na mtaa umenyamaza, nilisikia ndani ya mashine mlio wa tik, tik, tik, kisha kimya, kisha diski ikaanza kuzunguka upya kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa. Mlio huo niliusikia mara tatu katika saa moja.

Mteja wangu mmoja alinipa kwenye flashi programu ya CrystalDiskInfo, inayoonyesha hali ya afya ya diski. Nilipoifungua ilionyesha rangi ya manjano na neno la tahadhari, na namba hizi nikazinakili kwa kalamu: mstari wa 05 una 000000000038, mstari wa C5 una 000000000128, C6 una 000000000128, na C7 ni sifuri tupu. Saa za kazi za diski zimeandikwa 21,430.

Zilizomo ni barua na mikataba ya wateja, nakala za vitambulisho vyao, daftari la madeni ya duka, na kitu kimoja ambacho siwezi kukipata tena popote: kurasa zaidi ya mia nne za daftari za marehemu babu yangu, ambazo aliandika tenzi kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, nami nikaziskani moja moja. Daftari zenyewe zimekwisha kuliwa na mchwa. Nakala ya akiba ninayo, lakini ni ya miezi kumi na minne iliyopita, na tangu wakati huo nimeongeza kurasa nyingi.

Fundi mmoja wa mtaani ameniambia niiache mashine usiku kucha ikiendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, ili ijirekebishe. Mwingine amesema nisakinishe Windows upya, eti tatizo ni virusi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeazimia kuagiza SSD (diski ya aina isiyozunguka) ya GB 480, kwa kuwa ndiyo niliyoipata kwa bei ninayoiweza. Nifuate lipi, na je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe hapa kisiwani bila ya kuipeleka mashine Mombasa?

Fundi wa Malindi

Wa alaykum salaam, dada. Zima mashine hiyo sasa, na usiiwashe tena mpaka uwe na diski ya pili mkononi. Diski yako bado inasoma, lakini imebakiwa na saa ambazo hakuna anayeijua idadi yake, na kila unapoiwasha Windows, mfumo wenyewe unazila saa hizo kwa mambo yasiyokufaa: kusoma maelfu ya faili zake, kuandika kumbukumbu zake, kutafuta masasisho, kukagua virusi. Mizunguko iliyobaki ya sahani zile inapaswa kwenda katika kutoa kurasa za babu yako na si katika jambo jingine lolote.

Namba ulizonakili zimeandikwa kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, si hii ya kumi tuliyoizoea, kwa hiyo 38 ni sekta 56 na 128 ni sekta 296 (sekta ni kipande kidogo cha diski cha kuwekea data). Mstari wa 05 unahesabu sekta ambazo diski imekwisha kuzikataa na kuweka nyingine za akiba mahali pake. C5 ni zile ambazo diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa, na sasa zinasubiri kuamuliwa. Hizi 296 ndizo zinazokugandishia mashine, kwa sababu diski ya kawaida ya kipakatalishi ikikutana na sekta isiyosomeka haipiti mbele, bali hurudia na kurudia kwa sekunde nyingi, na Windows hungoja pamoja nayo. Kwa ukubwa si kitu: sekta moja ni baiti 512 au 4,096, na hata ukichukua kipimo kikubwa zote pamoja hazifiki MB 1.3. Shida ni kwamba huwa haziishii hapo.

C7 ni makosa ya mawasiliano baina ya diski na ubao mama, na aghalabu sababu yake ni kebo au miguso michafu. Hapa pwani chumvi ya hewani hula miguso, na nimewahi kuiponya diski iliyodhaniwa imekufa kwa raba ya kufutia penseli na spiriti kidogo. Kwako C7 ni sifuri, kwa hiyo tumaini hilo tuliweke kando. Na ule mlio ni mkono wa vichwa vya kusomea: umeshindwa kuipata njia yake juu ya sahani, ukarudi mwanzo na kujaribu tena.

Kuhusu chkdsk, programu hiyo haikuundwa kuokoa data. Kazi yake ni kurudisha utaratibu wa mfumo wa faili, na ili kuurudisha huandika kwenye diski, na iko tayari kuikata faili ambayo haikuweza kuifasiri. Ukiiongezea swichi ya /r itasoma kila sekta tangu mwanzo hadi mwisho, kwenye sahani zile zile zinazokufa. Kuiendesha juu ya nakala, baada ya uokoaji, ni jambo jema; kuiendesha juu ya diski inayogonga ni kupiga deki mashua inayoingia maji, na shehena ingali ndani. Ama huyo aliyesema usakinishe Windows upya, huyo alikuwa anakuambia uandike juu ya mali yako mwenyewe.

Kazi unaweza kuifanya mwenyewe, almuradi uwe na subira. Tafuta diski mpya, kebo ya kuunganisha SATA (mlango wa diski za ndani) na USB, na flashi mbili. Flashi ya kwanza, kwa kutumia kompyuta ya mtu mwingine, itie mfumo wa SystemRescue, ambao ni Linux inayowaka kutoka kwenye flashi bila ya kuigusa diski, na ambayo tayari ina programu ya ddrescue. Flashi ya pili ni ya kuwekea ramani ya kazi, nitakueleza kwa nini. Diski ya zamani iache mahali pake ndani ya mashine, kwa sababu makosa ya kusoma hushughulikiwa vizuri zaidi kwenye SATA ya moja kwa moja kuliko kupitia kebo za USB. Iliyo mpya ndiyo ikae nje.

Ukishawasha, andika hivi kwanza:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Soma ukubwa, jina la modeli na namba ya kila diski, uziandike kwenye karatasi, kisha uzisome tena. Ukikosea ukaigeuza njia, diski tupu itanakiliwa juu ya diski iliyojaa, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia. Tuseme ya zamani ni sda, mpya ni sdb, na flashi ya pili umeifungua kwenye /mnt/flashi. Duru ya kwanza ni hii:

ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /mnt/flashi/babu.map

Uzuri wa ddrescue ni kwamba haibishani na sehemu mbovu. Inachukua kwanza vyote vinavyosomeka kwa wepesi, inaruka palipo pagumu, na inaandika katika ile faili ya ramani wapi imepita na wapi imeruka. Umeme ukikatika, au diski ikizimika yenyewe, unarudia amri ile ile na kazi inaendelea ilipoishia. Ndiyo maana ramani isikae katika mfumo wa flashi ya kwanza, ambao husahau kila kitu mashine inapozimwa. Duru ya pili inarudi kwenye mabaki na kuyajaribu mara tatu:

ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb /mnt/flashi/babu.map

Mimi binafsi, kabla ya duru ya kwanza, ningeifungua diski ya zamani kwa kusoma tu nikaitoa folda ya babu na daftari la madeni, maana ni faili chache. Na faili yoyote itakayokwama ningeiacha papo hapo.

Kijana wa Mokowe

Dada, mimi niliwahi kuambiwa kwamba diski inayogonga ukiifunga vizuri kwenye mfuko na kuilaza kwenye friza usiku mmoja, asubuhi huamka ikafanya kazi kwa saa moja au mbili, na katika muda huo unaweza kunakili kila kitu. Huenda ikawa njia nyepesi kuliko kuandika amri za Linux.

Mwalimu mstaafu, Shela

Mwanangu wa Mokowe, shauri hilo la friza limezunguka dunia nzima kwa miaka mingi, na lilikuwa na mantiki yake kwa hitilafu fulani za diski za zamani, ambapo chuma kikinywea kwa baridi kitu kilichokwama huachia. Lakini hebu toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani hapa Lamu, uhesabu polepole hadi sitini, kisha uishike. Maji yale yaliyoko juu ya chupa ndiyo yatakayokuwa ndani ya diski. Diski ya kawaida haikuzibwa kabisa. Ina kitundu kidogo chenye chujio, cha kusawazisha hewa ya ndani na ya nje, na kwenye nyingi utaona imeandikwa kwamba kisizibwe. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa kimo kidogo mno, chembamba kuliko unywele mara elfu kadhaa, na tone moja la umande katika njia hiyo ni jabali. Kwa diski ambayo bado inasoma, kama ya binti yetu, friza ni madhara matupu.

Nina mambo mawili ya kuongeza kwa aliyoyasema fundi, na moja la kumpinga kwa heshima.

La kwanza ni ukubwa. Binti yangu, usinunue ile ya GB 480. Diski yako ya GB 500, ukiihesabu kwa baiti, ni 500,107,862,016, na SSD inayouzwa kama GB 480 ina baiti 480,103,981,056. Nakala ya diski nzima haiwezi kuingia, hata kama ndani umejaza nusu tu, kwa kuwa ddrescue haijui faili. Yenyewe inanakili sekta kwa sekta, tupu na zilizojaa. Utashangaa kazi imekwenda saa nne kisha ikagota mwishoni. Nunua ya GB 500 kamili au ya GB 512. (Na usishtuke Windows ikikuonyesha 465 kwa diski ya 500. Hujaibiwa; muuzaji anahesabu GB moja kwa bilioni, Windows inahesabu kwa 1,073,741,824.)

La pili ni uhalisi wa diski. SSD na flashi za bei ya kushangaza huwa zimerekebishwa ili zidai GB 512 wakati ndani mna sehemu ndogo tu ya hizo, na zikijaa huendelea kupokea faili kwa uso mkunjufu huku zikizimwaga. Ukishaipata, kabla ya kuiamini na chochote, ijaze kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux. Inaandika data ya majaribio mpaka ukingoni kisha inaisoma yote kuona kama imebaki vile vile. Kazi hiyo hula muda, lakini diski yako mbovu imezimwa na haina haraka.

Ninapopingana na fundi ni pale aliposema ianze kutolewa folda ya babu. Kuifungua folda, hata kwa kusoma tu, kunavipeleka vichwa huku na huko juu ya sahani, kwenye orodha ya faili, kisha kwenye faili, kisha kwenye orodha tena. Na faili ikikwama, mfumo wa kawaida wa kunakili utairudia mpaka diski ichoke. Ddrescue inasoma kwa mfuatano, na hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote kwa diski mgonjwa. Ningeanza na diski nzima.

Fundi wa Malindi

Mwalimu, hoja yako naikubali kwa diski iliyo taabani. Nilichozingatia ni kwamba kurasa mia nne za picha hutoka kwa dakika chache, na nimeshawahi kuona diski ikifa katikati ya duru ya kwanza na alichokitaka mwenyewe kikawa upande ambao haujafikiwa. Dada asikilize mlio: ikiwa diski inawaka kimya, atoe folda ile, ikianza kugonga tangu mwanzo, aende moja kwa moja kwenye ddrescue.

Mchapaji wa Langoni

Nawashukuru nyote. SSD ya GB 512 ilitoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, na kutoka huko nikaipakata mwenyewe kwenye boti nikiwa nimeifunga ndani ya kanga, ingawa najua kwamba SSD haina sehemu inayozunguka. H2testw ilimaliza bila ya kosa lolote.

Nilipowasha kwa SystemRescue diski ilikuwa kimya, kwa hiyo nikafuata shauri la fundi. Kurasa za babu zilianza kutoka vizuri. Ilipofika faili ya 211 ikasimama, nikasikia tik moja, nikakatiza hapo hapo nikahamia kwenye ddrescue kama alivyosema Mwalimu. Basi nimewatii wote wawili.

Duru ya kwanza ilikwenda vyema hadi asilimia 61, kisha kasi ikashuka kutoka MB 70 kwa sekunde hadi KB chache, ikakaa hivyo, ikaruka, ikapanda tena. Saa tatu usiku umeme ukakatika mtaa mzima. Betri yangu ni ya kizee, ikachukua kama dakika nane mashine ikazimika, nami nikaona nimekwisha. Uliporudi nikaandika amri ile ile, na hakika ilianza ilipoishia, bila ya kurudia hata sehemu moja. Mwisho wa duru ya kwanza ilibaki MB 214 ambazo hazijasomwa. Baada ya duru ya pili, iliyokwenda usiku mzima, zimebaki KB 836 peke yake.

Nauliza mawili. Nitajuaje hizo KB 836 zimeangukia faili gani? Na je, niiweke SSD hii ndani na kuiwasha ilivyo, au nianze na Windows mpya na kuzihamishia faili tu?

Fundi wa Malindi

KB 836 kati ya GB 500 ni matokeo ambayo hata mimi ningeyafurahia, kwa hiyo usiendelee kuitesa diski ya zamani. Duru ya kumi haitakupa ambacho ya tatu imekunyima.

Kuzijua faili zilizoguswa kuna njia nzuri. Katika nakala yako, sehemu zile zisizosomeka sasa hazina kitu. Unaweza kuiambia ddrescue izijaze kwa neno utakalolichagua, ikifuata ile ramani, kisha ukalitafuta neno hilo ndani ya faili zote. Amri hizi zinagusa nakala peke yake, yaani sdb:

printf "IMEHARIBIKA " > /tmp/alama

ddrescue -f --fill-mode=- /tmp/alama /dev/sdb /mnt/flashi/babu.map

Halafu ifungue nakala kwa kusoma tu na uendeshe grep -rl IMEHARIBIKA kwenye folda zako. Itapita faili zote moja moja, kwa hiyo kanywe kahawa. Orodha itakayotoka ndiyo orodha ya majeruhi. Baada ya hapo ndipo chkdsk /f ina kazi ya halali, juu ya SSD.

Kuhusu Windows, iweke ndani uiwashe ilivyo kwanza, ili duka lifanye kazi kesho asubuhi, na printa na programu zako ziwe zimekaa kama zilivyokuwa. Lakini kuna sharti: diski mbili zenye nakala moja zisiwe kwenye mashine kwa wakati mmoja Windows inapowaka, kwa sababu zina kitambulisho kimoja, na Windows ikiziona zote mbili itaizima mojawapo, au mbaya zaidi utajikuta unafanya kazi kwenye ile mbovu bila ya kujua. Toa ya zamani, tia mpya pale pale. GB 12 zilizozidi mwishoni ziache. Hazistahili kukuumiza kichwa.

Hata hivyo usikae hapo kwa muda mrefu. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya duka inayopokea flashi za watu wote wa mji haifai kukaa hivyo. Kama ubao wako hautimizi masharti ya Windows 11, Linux ya kawaida pamoja na LibreOffice inachapa barua sawasawa.

Mchapaji wa Langoni

Nimerudi kutoa habari, maana najua kero ya kusoma maswali ya watu yasiyo na mwisho.

Kuifungua mashine kuliniogopesha kuliko amri zote. Nilizima, nikachomoa chaja, nikafungua skrubu kumi na moja za chini, na kila skrubu nikaiweka kwenye kikombe chake cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, nikavipanga mezani kwa umbo la mashine. Kifuniko kilipotoka, nikaanza kwa kuchomoa waya wa betri. Diski ilikuwa imekaa ndani ya kifremu cha bati chenye skrubu nne za pembeni; nikaisukuma pole pole kuelekea kushoto ikachomoka. Miguso ya upande wa mashine ilikuwa na ukungu wa kijani kwenye ncha mbili, nikaipitisha pamba na spiriti na kuiacha ikauke. SSD ni nyembamba kuliko diski ya zamani, milimita 7 kwa 9.5, lakini ndani ya kifremu kile ilikaa bila ya kucheza.

Iliwaka. Niliyekuwa nangoja robo saa nimeona ukurasa wa nywila kabla sijakaa vizuri kitini.

Orodha ya majeruhi ilikuwa na faili tisa. Tano ni za Windows yenyewe, na chkdsk haikulalamika sana. Mbili ni kadi za harusi za mwaka juzi, ambazo wenyewe wamekwisha kuoana. Moja ni mkataba wa shamba ambao mteja ana nakala iliyotiwa saini. Ya tisa ni ule ukurasa wa 211 wa babu, uliokwama siku ile: nusu ya juu inasomeka, nusu ya chini ni rangi ya kijivu tupu. Zimepotea beti nane. Nakala yangu ya zamani inaishia ukurasa wa 190. Nimempigia shangazi yangu aliyeko Siyu, akanisomea sita kwa moyo nikiandika, na mbili akasema hakuwahi kuzisikia.

Nakala sasa ninazo mbili, moja kwenye diski ya nje inayokaa nyumbani, si dukani, na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa zile kurasa tu. Swali langu la mwisho ni dogo: kijana mmoja ananunua vyuma chakavu vya kompyuta na anaitaka ile diski mbovu. Nimpe?

Mwalimu mstaafu, Shela

Hongera, binti yangu. Diski usimpe. Umesema mwenyewe kwamba ndani yake mna nakala za vitambulisho vya wateja, na diski hiyo, kama tulivyoona, inasomeka karibu yote. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na mwenye duka anayekusanya taarifa za watu ana dhamana nazo mpaka anapoziharibu. Kuiformati diski kama hiyo hakutoshi, kwa sababu sekta ambazo imekwisha kuzikataa hazifikiwi tena na amri ya kufuta, na zinabaki na kilichokuwemo.

Ikae nawe mwezi mmoja au miwili, mpaka uhakikishe hakuna ulichokisahau. Kisha mpelekee seremala mwenye keekee yenye ncha ya chuma, aitoboe matundu matatu kupita kwenye sahani. Asimame pembeni na avae miwani, maana sahani za diski nyingi za vipakatalishi ni za kioo na hupasuka vipande. Ikishatobolewa, huyo kijana wa vyuma chakavu anaweza kuichukua.

Mchapaji wa Langoni

Nimeelewa, Mwalimu. Nimeitia kwenye mkebe wa biskuti pamoja na karatasi yenye tarehe, na seremala wa Matondoni amekubali kuitoboa atakapokuja mjini mwezi ujao. Kwa ile miguso ya kijani, fundi, nitakuletea ukumbini swali jingine siku nyingine.

Fundi wa Malindi

Karibu wakati wowote, dada. Na picha ya ile miguso uipige mchana, karibu na dirisha, ili rangi ionekane.